Yatima kwa Maandishi: Makao na Masomo ya Watoto katika Historia ya Kongo na Majirani Zake

Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba dola la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa wanawake watano waliozaliwa Kongo enzi za ukoloni. Wote walichukuliwa kwa mama zao kabla ya kufikisha miaka saba, wakapelekwa misheni ya Katende huko Kasai na kulelewa na masista. Mama zao walikuwa hai. Wengi walioisikia habari hiyo waliipokea kama habari ya rangi ya ngozi, kwa kuwa watoto hao walikuwa machotara, au metisi kama tunavyosema kwetu: baba Mzungu, mama Mkongo. Ni kweli, na nitalirudia jambo hilo mbele. Lakini mwanafunzi wa historia anaona humo jambo la pili, nalo ni la kisheria. Kumchukua mtoto wa namna hiyo kulihitaji karatasi inayosema kwamba ametelekezwa, na sheria iliyoruhusu karatasi hiyo ilikuwa imetungwa zaidi ya nusu karne nyuma kwa jina jema kabisa, yaani ulinzi wa yatima.

Katika insha hii ninadai kwamba historia ya makao ya watoto katika nchi yetu na kwa majirani zetu haiwezi kusomwa kwa kuhesabu vitanda na madawati peke yake. Inabidi tuulize ni nani aliyepewa mamlaka ya kumwandika mtoto kuwa yatima, na baada ya kuandikwa hivyo, jina lake, ukoo wake na shamba la baba yake vilikwenda wapi. Sisemi kwamba makao hayo yote yalikuwa mabaya. Wako waliookolewa humo, na mmoja nitamtaja. Ninachopinga ni mazoea ya kuyasimulia kana kwamba kabla ya kujengwa kwake mtoto aliyefiwa alikuwa hana mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Yatima limetoka Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu iliyozoeleka pwani, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yuko jikoni anapika. Maana yake ya kisheria inahusu mali na usimamizi: nani atamtunzia urithi wake mpaka akue. Huku bara mambo yalikuwa na sura nyingine, lakini swali lilikuwa lile lile. Kwa Wabashi wa Kivu, ambao ukoo wao hufuata baba, mtoto wa marehemu huangukia kwa baba mkubwa au baba mdogo. Kwa Wakongo wa Kongo ya Kati, ambao ukoo wao hufuata mama, mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba, ngwa nkazi, na alikuwa na kauli hiyo hata baba mzazi akiwa hai. Kwa hiyo baba akifa, kwa mtazamo wa ukoo mtoto hajapoteza mwenyewe. Mzungu aliyefika na daftari lenye safu mbili, ya baba na ya mama, hakuwa na mahali pa kumwandika mjomba. Ninaomba msomaji akumbuke safu hiyo iliyokosekana, maana karibu yote yanayofuata yametokana nayo.

Kwenye Ziwa Tanganyika, mambo yalianza kabla ya daftari la serikali. Shirika la Mapadri Weupe lenyewe lilizaliwa pamoja na suala la yatima. Mwaka 1867 njaa na magonjwa viliipiga Algeria, na Askofu Mkuu Charles Lavigerie akakusanya watoto zaidi ya elfu moja. Gavana wa huko, Mac-Mahon, alitaka warudishwe kwa jamaa zao, kwa hofu kwamba kuwabatiza kungewasha hasira ya Waislamu. Lavigerie alikataa, wakagombana hadharani, na mwaka 1868 akaunda shirika lake. Mwaka huo huo Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wanafungua kituo cha watoto waliokombolewa utumwani huko Bagamoyo. Kwa hiyo wamisionari walipofika ziwani, na kuanzisha Kibanga mwaka 1883 kisha kupokea Mpala mwaka 1885, walikuwa na mfano mkononi: mkomboe mtoto, mlee, msomeshe, muoze ndani ya misheni, mpe shamba karibu na kanisa.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Ziwa lile katika miaka ya 1880 lilikuwa njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe. Vijiji vya Manyema na vya ufuoni vilikuwa vimechomwa, na mtoto aliyenunuliwa kwa vitambaa kutoka mikononi mwa mfanyabiashara huenda hakuwa na kijiji cha kurudia. Ukuta wa Mpala na bunduki za Kapteni Joubert, aliyefika huko mwaka 1887, vilikuwa kimbilio la kweli. Adrien Atiman aliibwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomea udaktari Malta, na kisha akafika Karema, upande wa pili wa ziwa, ambako aliwatibu watu mpaka kifo chake mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka 65 ya kazi. Hakuna hoja ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu inayoweza kuifuta kazi hiyo. Tena sisi wa idara ya Kiswahili tuna deni la ziada huko, kwa kuwa watoto waliokusanywa kutoka makabila mbalimbali walifundishwa kwa Kiswahili, na vituo hivyo ni sehemu ya sababu lugha hii ilibaki ufuoni misafara ilipokwisha.

Ila mtoto wa Mpala alikuwa amekatwa na ukoo wake na mfanyabiashara wa watumwa. Kilichofuata magharibi kilikuwa kitu kingine, kwa sababu huko mkataji alikuwa serikali.

Tazama tarehe. Tarehe 2 Julai 1890, mkutano mkubwa wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa ulimalizika kwa kutia saini mkataba, na mwenyeji wake, Mfalme Leopold II, akasifiwa kama mkombozi wa Mwafrika. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Julai, Dola Huru ya Kongo ilitoa amri iliyolipa dola hilo ulezi wa kisheria wa watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, pamoja na yatima, waliotelekezwa, na wale ambao wazazi wao hawakutimiza wajibu wa kuwatunza na kuwalea. Isome tena orodha hiyo polepole. Kundi la kwanza ni dogo na linaeleweka. Kundi la mwisho linaweza kumeza mtoto yeyote yule, kwa sababu anayepima wajibu ni ofisa mwenyewe. Amri nyingine ya tarehe 4 Machi 1892 iliruhusu mashirika ya dini na ya hisani kupewa ulezi huo huo.

Kusudi lilikuwa nini? Hatuhitaji kubuni, kwa kuwa Leopold aliliandika mwenyewe katika barua kwa gavana wake mwezi Aprili 1890, kabla ya amri hiyo. Alitaka koloni tatu za watoto, huko Boma, Léopoldville na karibu na ikweta, kila moja ikiwa na nafasi ya watoto 1,500, na alieleza bila kuficha kwamba shabaha ya kwanza ilikuwa kupata askari. Mapadri wangefundisha dini na ufundi, na mwanajeshi angefundisha gwaride. Hayo ndiyo makao na masomo ya kwanza ya serikali kwa yatima katika nchi yetu. Koloni zilizofunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers ziliwekwa chini ya wamisionari wa Scheut. Watoto walitoka wapi? Wengi walitoka katika vijiji vilivyoshambuliwa na jeshi la dola lenyewe, Force Publique. Yaani dola liliua wazazi, kisha likajiandikisha kuwa mlezi. Katika msafara mmoja wa wavulana 108 waliotembezwa kwa nguvu kwenda Boma kati ya 1892 na 1893, walifika 62, na wanane kati ya hao wakafa ndani ya wiki chache. Nimejaribu kuisoma sentensi hiyo kama takwimu ya elimu, kwa kuwa ndiyo ilivyokuwa kwenye ripoti za wakati ule: uandikishaji wa wanafunzi wapya.

Kusini zaidi, katika nchi ya Kwango na Inkisi, Wajesuiti walianza kazi mwaka 1893 wakiongozwa na Padri Émile Van Hencxthoven, kwanza Kimwenza, kisha Kisantu. Mpango wao ulikuwa wa busara kwa upande wa kilimo, na sitaki kuudharau. Waliona kwamba mtoto aliyefugwa kwenye bweni kubwa anakuwa mgeni katika nchi yake. Wakatawanya watoto katika vituo vidogo kandokando ya vijiji, kila kimoja na kanisa dogo, katekista, shamba na mifugo. Kwa Kifaransa viliitwa mashamba-kanisa. Watoto walilima, walisoma asubuhi, walisali. Wangekua pale, wangeoana pale, na kijiji cha Kikristo kingezaliwa kando ya kijiji cha zamani. Ukiangalia ramani, ni vizuri. Ukiuliza watoto hao walikuwa wa nani, ndipo matatizo yanapoanza.

Swali hilo liliulizwa na watu wasiokuwa na urafiki wala uadui na Kisantu. Mwaka 1904, makelele ya dunia juu ya mpira na mikono iliyokatwa yalimlazimisha Leopold kuunda Tume ya Uchunguzi ya watu watatu: Edmond Janssens, Mbelgiji, Giacomo Nisco, Mwitaliano aliyekuwa hakimu Boma, na Edmund de Schumacher, Mswisi. Ripoti yao ya 1905 inajulikana kwa habari za mpira. Wachache husoma sehemu inayohusu misheni. Humo Tume ilisema kwamba wengi waliokutwa kwenye mashamba-kanisa hawakuwa yatima wala vibarua wenye mkataba. Walikuwa watoto walioombwa kwa machifu, na machifu hawakuthubutu kukataa. Kitanda kilikuwepo, darasa lilikuwepo, na mjomba alikuwa kijiji cha pili anasikia kengele ya kanisa.

Huenda mtu akaniambia kwamba mjomba yule hakuwa na shule ya kumpa mtoto. Hoja hiyo ninaisikia mpaka leo, hata darasani kwetu, kwamba bora asome, ukoo utajijua wenyewe. Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inachanganya vitu viwili ambavyo havikuwa na haja ya kufungwa pamoja. Shule ingeweza kujengwa kijijini mtoto akarudi jioni kwa mjomba, na baadaye shule nyingi za misheni zilifanya hivyo hivyo, tena kwa wanafunzi wengi zaidi. Ulezi wa kisheria ulitoa kitu ambacho shule haiwezi kutoa: mtoto asiye na wa kumdai. Mtoto wa aina hiyo anafaa sana kwa jeshi, kwa shamba la wengine na kwa hesabu ya waliobatizwa.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa Leopold mwaka 1908, mambo mengi yalibadilishwa, lakini wazo kwamba serikali ndiyo huamua nani ametelekezwa lilibaki ndani ya sheria. Ndilo lililowafikia watoto metisi. Watawala waliwaogopa watoto hao, kwa hofu kwamba siku moja wangeongoza Waafrika katika uasi. Amri za 1890 na 1892 zilikuwa tayari zimelala kabatini, na mwaka 1952 ikaongezwa amri mpya ya ulezi. Baba Mzungu ambaye hakumtambua mtoto wake aliandikwa hajulikani, hata pale ambapo kila mtu wa kituo alimjua kwa jina na kwa pikipiki yake. Mama alijulikana, lakini kujulikana kwake hakukuhesabiwa. Mtoto anayenyonya kwa mama yake aliingia kwenye faili kama aliyetelekezwa. Ofisa alikwenda kijijini, akawaambia wakubwa wa familia kwamba mtoto lazima apelekwe misheni, na familia zilielewa kitakachotokea wakikataa.

Katende ilikuwa moja ya vituo hivyo. Kingine kilikuwa Save, nchini Rwanda, kilichopokea watoto kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Uhuru ulipokaribia, kati ya 1959 na 1961, karibu watoto 300 wa Save walisafirishwa kwenda Ubelgiji na kugawiwa kwa familia na vituo vya huko, ndugu wa tumbo moja mara nyingi wakatenganishwa. Wengine walibadilishwa majina au tarehe za kuzaliwa. Wale wa Katende hawakupelekwa popote. Masista na maofisa walipoondoka katika fujo za baada ya uhuru, wasichana waliachwa, na wapiganaji wakawafanyia ukatili. Ni wakati ule tu ndipo walipotelekezwa kweli, na aliyewatelekeza alikuwa mlezi wao wa kisheria.

Njia ya kufika mahakamani ilikuwa ndefu. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio kuhusu metisi mwaka 2018, Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi tarehe 4 Aprili 2019, lakini mahakama ya kwanza mwaka 2021 iliwanyima haki wanawake hao watano kwa kusema kwamba kitendo hicho hakikuhesabika kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu wakati kilipotendwa. Mahakama ya Rufaa iliona tofauti. Ilisema kwamba baada ya Nuremberg uhalifu huo ulikuwa umeshatambuliwa, na kwamba watoto hao walitekwa kwa mpango wa dola kwa sababu ya asili yao. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Kwa upande wangu, ninaona kwamba mahakama ilihukumu tendo la miaka ya 1940 na 1950 kwa sababu hilo ndilo lililoletwa mbele yake, lakini maneno yake yanaangaza nyuma mpaka 1890.

Sasa niruke miongo kadhaa, kwa sababu vita vya ukanda wetu vililirudisha suala hili kwa ukubwa ambao Leopold hakuuota. Julai 1994, Wanyarwanda karibu milioni moja waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikafuata. Maelfu ya watoto walikuwa peke yao. Mashirika yalifungua vituo haraka, yakaleta maziwa, mablanketi, madaktari na hata masomo chini ya mahema. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kulaumu hilo. Lakini wafanyakazi wa vituo waligundua jambo la ajabu: kadiri vituo vilivyoongezeka, watoto wasio na wazazi nao waliongezeka. Baadhi ya mama, wakiona kwamba mtoto aliye kituoni anapata chakula na dawa kuliko aliye hemani kwa mama yake, walimwacha mtoto karibu na lango wakajificha. Mama huyo hakuwa mkatili. Alikuwa amesoma masharti ya msaada kwa usahihi kuliko walioyaandika. Msaada ulidai yatima, naye akamfanya mtoto wake yatima ili aishi.

Mashirika yalijifunza, na hilo lazima lisemwe. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na UNICEF walianza kazi kubwa ya kuandikisha watoto, kuwapiga picha, na kubandika picha hizo mahali ambapo jamaa wangeziona. Kwa mara ya kwanza katika historia niliyoieleza hapa, karatasi ilitumiwa kumtafuta mjomba badala ya kumfuta.

Burundi, wakati karibu na huo huo, kulikuwa na mfano ambao kwangu ndio wenye mafunzo makubwa zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, watu 72 waliuawa mbele ya Marguerite Barankitse kwenye makao ya askofu huko Ruyigi. Wote wanamfahamu kwa jina la Maggy. Aliokoa watoto 25, Wahutu na Watutsi, na kutoka kwao ikazaliwa Maison Shalom. Tuzo zake zinajulikana, ikiwemo tuzo ya Aurora ya 2016, na magazeti hupenda kusimulia ujasiri wake. Mimi ninavutiwa zaidi na mambo ambayo hayapendezi kwenye picha. Maggy hakupenda bweni kubwa. Watoto waliwekwa katika nyumba ndogo, ndugu wakikaa pamoja, mkubwa akiwa kama mwenye nyumba. Pale ilipowezekana, nyumba ilijengwa kwenye kilima cha wazazi wao, juu ya ardhi ya wazazi wao.

Anayeijua Burundi ataelewa uzito wa jambo hilo. Nchi ni ndogo, watu ni wengi, na karibu kila familia inaishi kwa kipande chake cha shamba. Mtoto anayekaa kituoni mjini miaka kumi anaweza kutoka na cheti cha shule na akakuta mipaka ya shamba la baba yake imesogezwa na majirani, au na baba yake mdogo mwenyewe. Ukoo si malaika, nami siuandiki hapa kama malaika. Ndiyo sababu kumrudisha mtoto kilimani, kumsaidia kudai ardhi yake, na kumjengea pale pale ili kila mtu aone mwenye shamba yuko hai, ni aina ya makao ambayo bweni haliwezi kuiga hata likiwa na maabara na maktaba. Mwaka 2015 siasa za nchi zilimlazimisha Maggy kukimbia, na kazi yake ikaendelea miongoni mwa wakimbizi Warundi nchini Rwanda.

Rwanda yenyewe ilichukua uamuzi wa kitaifa. Mwaka 2012, wakati vituo zaidi ya 30 vilikuwa bado na watoto zaidi ya 3,300, serikali ilipitisha mkakati wa kuvifunga hatua kwa hatua na kuwarudisha watoto katika familia. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba wengi wao walikuwa na angalau jamaa mmoja anayejulikana. Waliokosa jamaa walitafutiwa familia za kujitolea, zinazoitwa malayika murinzi, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Si kila familia ilikuwa tayari, na mtoto mwenye ulemavu alikuwa mgumu zaidi kupata nyumba. Lakini swali lililoulizwa kwanza lilikuwa ni nani wa mtoto huyu.

Kwetu Kongo tumekwenda kwa kusuasua. Sheria tunazo. Katiba ya 2006 inakataza kumtelekeza mtoto na kumshutumu uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Ukitembea sokoni Bukavu au Goma utakutana na maibobo ambao hawajaisikia. Wengi wao wana mama au baba aliye hai: wamefukuzwa na mama wa kambo, au na mchungaji aliyesema wanaloga, au na karo ya shule. Karo imefanya kazi kubwa katika historia hii kuliko tunavyokiri. Kabla ya elimu ya msingi ya bure kuanza kutekelezwa Septemba 2019, mzazi alimlipa mwalimu mfukoni, na kituo cha yatima chenye shule kilikuwa mlango pekee kwa familia nyingi maskini. Mlango huo ulikuwa na neno moja la siri, nalo lilikuwa yatima. Wazazi walilisema.

Mahali pengine neno hilo lilisemwa bila wao kujua. Septemba 2013 serikali ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kuwatoa nje watoto walioasiliwa na wageni, kwa shaka juu ya ukweli wa mafaili. Hata hivyo, mwaka 2015 watoto kadhaa wa eneo la Gemena walifika Ubelgiji kama yatima. Wazazi wao walikuwa wameambiwa kwamba wanakwenda Kinshasa kwenye kambi ya likizo. Waendesha mashtaka wa Ubelgiji walipofungua uchunguzi, vipimo vya DNA vilionyesha kwamba wazazi walikuwa hai Kongo. Familia zilizowapokea kule zilikuwa zimedanganywa nazo pia, na zilikuwa zimeshawapenda watoto hao. Mtu anayetaka kujua jinsi amri ya 1890 inavyoweza kuishi bila kuwa sheria tena, asome kesi hiyo.

Mashariki mwa nchi, mtoto aliyetenganishwa na wazazi wakati wa mapigano siku hizi mara nyingi huwekwa kwanza katika familia ya kumpokea kwa muda, wakati jamaa wanatafutwa. Kwa kawaida ni mama mwenye watoto wake watano au sita, anayepewa msaada mdogo wa chakula na godoro. Watu wa Msalaba Mwekundu wakija, huja na fomu. Huuliza jina la baba, jina la mama, kijiji, na nani mwingine alikuwa akilala nyumbani. Mtoto wa miaka minne hajui jina la mama yake. Anajua anavyoitwa na majirani: Mama Furaha, kwa jina la kifungua mimba. Basi wanaandika Mama Furaha, na wanaanza kutafuta kutoka hapo.